Wageni Wasiolia

Kazi yangu ilikuwa kutazama ndege angani na kuwaambia watu wa mnarani kama eropleni inaweza kutua. Niliifanya miaka kumi na mmoja kwenye uwanja wa Bujumbura. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kuchomelea mtaani Buyenzi, na shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifundisha ndege. Siku moja nilikuwa nachomelea geti la uwanja, nikamwambia mlinzi kwamba yule anayezunguka pale juu si mwewe, ni pungu, kwa sababu mkia hana. Msimamizi wa uwanja alikuwa nyuma yangu. Akauliza: na yule mwingine? Nikamwambia. Wiki iliyofuata nilipewa baiskeli, bendera mbili na koti la mvua.

Bendera nyeupe maana yake anga ni safi. Nyekundu ikiinuliwa na kusimama, kuna mwewe, rubani awe macho. Nyekundu ikipepea, asitue.

Watu wengi hudhani kila ndege mwenye kucha ni mwewe. Mwewe ni mwewe kwa mkia wake: una pembe mbili kama mkia wa samaki, naye huupinda huku na huku anaporuka, kama mtu anayeshika usukani. Shakivale hushuka kutoka milimani, tumbo jeupe, mkia mfupi mwekundu wa rangi ya tofali, na anapoelea huinua mabawa kidogo kama mtu anayeinua mabega kusema sijui. Furukombe ana kichwa cheupe na hatoki mbali na ziwa. Pungu huyumba kushoto na kulia kwa sababu mkia wake ni mfupi mno. Tai wa mizoga ni mzito, bawa lake ni pana kama mlango. Vita ilipoanza, tai waliongezeka upande wa Rukoko, kwenye matete ya Rusizi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Na sauti nazo zinatofautiana. Mwewe hulia akianzia juu, halafu sauti inashuka ikitetemeka kama ya mtoto mwenye baridi. Shakivale hubweka kama mbwa mdogo aliyefungiwa ndani. Furukombe hucheka, na kicheko chake unakisikia ukiwa kilomita mbili mbali naye.

Halafu kuna wageni. Jina lao silijui, mimi niliwaita hivyo. Kila mwaka mwezi wa kumi na wa kumi na moja hutoka kaskazini, mamia kwa mamia, wakifuata bonde kwa sababu hawapendi kuruka juu ya maji. Rangi yao ni kahawia, mabawa mapana yenye doa jeusi kwenye kiwiko, na mkia wanaufungua kama upepeo. Wanazunguka juu ya mahali palipopata moto wa jua, wanapanda, wanapanda, halafu wanateleza kuelekea kusini wakiwa mstari mmoja. Mwewe wa mjini anaijua eropleni, anakunja bawa moja dakika ya mwisho na hayupo. Mgeni haijui. Na mgeni halii. Katika miaka kumi na mmoja sijasikia sauti ya hata mmoja.

Hilo ndilo lililoniletea matatizo, kwa sababu mwaka ninaouzungumzia, mwaka wa pili wa vikwazo vya nchi jirani, nilikuwa sioni tena.

Sikuwa kipofu kabisa. Nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilichomelea miaka kumi na tano bila kioo cha kujikinga, kama mafundi wote wa Buyenzi, na labda ndiyo sababu, labda siyo. Vitu vya karibu niliviona kama kupitia maziwa yaliyotiwa maji. Ardhi niliiona. Anga likiwa na jua, nililiona jeupe tupu.

Sikumwambia mtu. Vikwazo vilikuwa vimefunga mipaka na eropleni za kawaida hazikuja tena. Zilikuja za msaada tu, mbili au tatu kwa wiki, zikiwa na dawa na watu wa mashirika. Wafanyakazi wengi wa uwanja walikwisha kurudishwa nyumbani. Mimi niliachwa kwa sababu ya macho yangu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi yangu.

Na nyumbani hapakuwa na mtu. Mke wangu Mwavita alivuka kwenda Kigoma mwaka wa tisini na tano, siku zile mitaa yetu ilipofukuzwa watu, akiwa na binti yetu Lubna. Nilibaki kulinda nyumba na kazi. Nilisema mwezi mmoja. Ikawa miaka miwili na nusu. Majirani wa kulia waliondoka, wa kushoto waliondoka, na waliokuja kukaa mle sikuwajua majina. Nilipika sufuria moja ya ugali asubuhi na kuumaliza jioni. Kuna wiki ambazo mtu pekee niliyezungumza naye ni Révérien wa mnarani, na mazungumzo yenyewe yalikuwa bendera.

Kwa hiyo nilijifunza kufanya kazi kwa masikio. Nilikuwa nikisimama mwisho wa njia ya kutulia, nimeshika baiskeli, nasikiliza. Kilio cha mwewe kikiwa karibu, nyekundu inasimama. Kunguru wakipiga kelele za ugomvi, kuna mwenye kucha kati yao. Wale ndege wadogo wa majanini wakinyamaza ghafla, kuna kitu juu yao. Zamani tulikuwa na baruti za kufukuzia, lakini wanajeshi walizichukua, maana kila nilipopiga moja wao walijibu kwa risasi. Kimya cha uwanja ule kilinisaidia. Miezi mitano sikukosea.

Mwanajeshi aliyelinda upande wangu alikuwa kaporali Valéry, mtu wa makamo kama mimi, mwenye tumbo, aliyependa kukaa juu ya magunia ya mchanga na kunichokoza.

"We Muswahili," aliniambia siku moja, "unasikiliza ndege siku nzima. Banakwambiaga nini?"

"Banasema kaporali anakula mingi."

"Hiyo kila mutu anajua. Ndege yenye akili iniambie lini nitarudi nyumbani."

"Uliza furukombe. Yeye njo anacheka."

Alicheka na yeye. Halafu akasema, bila kucheka, "Lakini siku hizi unaangaliaga chini, muzee. Mutu wa ndege anaangalia chini?"

"Natafuta vyura," nikasema. Ilikuwa kweli kwa nusu. Mvua ikinyesha usiku, vyura hutoka kuota joto la lami, mwewe wakawafuata. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwaokota kwenye ndoo. Valéry alinitazama, akarudi kwenye redio yake.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya Mwavita. Barua zilipita kwa watu wa boti, waliovuka licha ya vikwazo, na zilifika zikinuka dagaa. Niliifungua mlangoni, kwenye mwanga. Mwandiko wake ni mdogo na wino ulikuwa umefifia. Niliona mistari, maneno sikuyaona. Niliisogeza karibu na pua, nikaisogeza mbali. Niliweza kusoma jina langu, Shakuru, kwa sababu nililijua liko wapi.

Ningeweza kumpa mtu anisomee. Lakini mtaani wamo wanaofanya kazi uwanjani, na neno lingefika kabla yangu. Nikajiambia kwamba naijua imeandikwa nini. Barua mbili zilizotangulia zilisema jambo moja: njoo, unalinda kuta. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa koti la mvua, ikakaa humo.

Jumanne moja katikati ya mwezi wa kumi na moja, baada ya usiku wa mvua, eropleni ya dawa ilitarajiwa saa tatu asubuhi. Nilipita na ndoo, nikaokota vyura kama thelathini. Jua lilikuwa limeshatoka na lami ilikuwa inafuka mvuke. Nilisimama mahali pangu. Nikasikiliza. Kunguru kimya. Mwewe mmoja alilia, lakini mbali, upande wa mto. Ndege wa majanini walikuwa wanaimba. Nikasikia injini kutoka upande wa ziwa, nikainua nyeupe.

Mnara ukajibu kwa taa, mwanga ambao hata mimi niliuona. Eropleni ikaanza kushuka.

Hapo kitu kilipita mguuni kwangu. Cheusi, kikikimbia juu ya lami kama panya. Nikaruka. Kikapita kingine, halafu vitatu pamoja, halafu lami yote mbele yangu ikajaa vitu vyeusi vinavyozunguka polepole, vinakatana, bila sauti yoyote. Ilinichukua muda kuelewa. Vilikuwa vivuli.

Wageni walikuwa wamelala kwenye mikoche ya Rukoko kwa sababu ya mvua, wakachelewa kuamka, na sasa walikuwa wanatafuta joto la kupandia. Joto lilikuwa kwenye lami yangu. Walikuwa juu ya kichwa changu, chini kabisa, na ndege wa majanini waliimba tu, labda kwa sababu wageni wanapita hawawindi. Nikatupa nyeupe. Nikapepea nyekundu kwa mikono yote miwili, nikapiga kelele kama mwenda wazimu, ingawa hakuna wa kunisikia.

Eropleni ilikuwa imeshafika mwanzo wa njia. Injini zikanguruma. Ikainuka ikiwa imelala upande mmoja, ikapita juu yangu karibu sana, upepo wake ukaniangusha pamoja na baiskeli. Nilisikia kishindo kidogo, kama mtu aliyepiga mto kwa ngumi. Kisha ikaenda zake juu ya ziwa.

Ilizunguka robo saa. Wageni walipanda, wakaondoka. Ikatua salama, ikiwa na watu tisa.

Mimi nilikuwa kwenye majani nikitafuta kwa mikono. Nilimpata yule aliyegongwa, bado ana joto. Niliupima mkia wake kwa vidole: wa mviringo, bila pembe. Miguu mifupi, kucha ndogo kuliko nilivyodhani. Miaka kumi na mmoja nilikuwa sijawahi kumgusa mmoja wao. Nilimweka ndani ya ndoo, juu ya vyura.

Révérien alishuka mnarani mbio. Alikuwa na miaka thelathini na tano hivi, mkatoliki wa Kigobe, mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari.

"Muzee Shakuru, Mungu akubariki," alisema akinishika mabega. "Mi nilikuwa na darubini machoni, sikuona kitu. Nilikuwa naangalia eropleni. We umeona."

"Nimechelewa," nikasema.

"Umechelewa? We njo umewaokoa. Nimeshaandika: saa tatu na dakika nane, muangalizi amepepea nyekundu."

"Kabla ya hapo niliinua nyeupe."

"Walikuwa hawajafika. Utaona kitu chenye hakijafika?"

Rubani naye alikuja, akanipa mkono, akasema maneno ambayo Révérien aliyatafsiri: kwamba nina macho ya tai. Valéry alikuwa karibu. Alitazama ndoo.

Nilirudi mjini kwenye pikapu ya wafanyakazi na kila mtu alitaka nimsimulie. Nilisema kichwa kinauma. Nyumbani nilikaa kitandani na viatu. Nilikuwa nasubiri furaha ije, hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyekufa na kazi ilikuwa imara kuliko jana. Haikuja. Nilifikiria tu kwamba Ijumaa kuna eropleni nyingine, na kwamba Jumanne kulikuwa na jua. Ijumaa kukiwa na mawingu, hakuna vivuli.

Jumatano nilijaribu jambo moja. Nilimwendea Valéry kwenye magunia yake, nikaonyesha angani kwa kidole.

"Kaporali, pale iko nini?"

"Pale wapi?"

"Pale."

"Pale hakuna kitu, muzee." Akashuka kwenye magunia. "Hapa nyuma yako njo iko mbili."

Sikugeuka. Ingesaidia nini?

"Mi nina dada Gitega," akasema Valéry. "Mumewe alikuwa dereva wa basi. Alificha macho yake miaka miwili. Sitakwambia iliishaje." Akawasha sigara. "Mi si mutu wa kupeleka maneno. Lakini Ijumaa nitakuwa hapa chini, na hizo vitu zinapitaga juu ya kichwa changu."

Alhamisi nilipanda ngazi za mnara. Sikuwa nimewahi kuzipanda, kazi yangu ilikuwa chini. Nilizihesabu kwa mguu, hamsini na sita. Révérien alikuwa peke yake, anakunywa chai ya chupa.

"Muzee, karibu. Kuna tatizo?"

Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema na yote yakapotea. Nikaingiza mkono kwenye koti, nikatoa barua.

"Nisomee hii," nikasema.

Aliipokea. "Ni ya mke wako. Kwa nini mi nisome mambo ya mke wako?"

"Kwa sababu mi sioni kuisoma. Iko kwangu tangu mwezi wa kumi."

Aliitazama barua, akanitazama mimi. Alisimama, akaja karibu, akanishika kidevu kama daktari na kunigeuzia dirishani. Nadhani aliona ule weupe. Mtu akiutafuta, anauona.

"Tangu lini?"

"Mwaka. Vibaya kabisa, miezi mitano."

"Na Jumanne?"

"Jumanne niliona vivuli chini. Ndege sikuziona."

Akaniachia. Alikaa kwenye kiti chake, akanipa mgongo, akatazama njia ya kutulia kupitia kioo.

"Kulikuwa na watu tisa mule," akasema. "Mmoja mjamzito. Mi nilisaini. Nimeandika kwamba uliona."

"Najua."

"Apana, hujui. Mi nimekuwa nikiwaambia marubani: shukeni bila wasiwasi, tuko na muzee mmoja hapa. Kila mara nawaambia hivyo. Ulikuwa unanitazama unanyamaza."

"Nilikuwa sikutazami," nikasema. "Sikuoni kutoka kule."

Haikuwa mzaha, lakini alitoa pumzi puani kama mtu aliyetaka kucheka akakasirika zaidi. Kisha akaifungua barua na kuanza kuisoma kwa sauti, haraka, kama anayetaka kumaliza kazi chafu.

Mwavita hakusema njoo. Aliandika kwamba Lubna ameposwa na kijana wa Ujiji, fundi cherehani, anaitwa Hamimu, familia ya dini. Kwamba hawataki kufanya jambo bila baba. Kama siwezi kuvuka, niandike jina la mtu ninayemteua anishikie nafasi ya walii wa kuozesha, nimpe mtu wa boti. "Tunangoja neno lako mpaka Ijumaa ya kwanza ya Rajabu. Ukinyamaza, sheikh wa msikiti amesema ataozesha yeye, kama wanavyoozeshwa wasio na baba. Lubna anasema hutanyamaza."

Révérien aliacha kusoma hapo. "Rajabu ni lini?"

"Imeanza. Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe saba."

Alitazama kalenda ukutani ingawa hakukuwa na haja. Ilikuwa tarehe ishirini.

Alikunja barua taratibu kuliko alivyoifungua, akanirudishia. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilikunywa kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

"Andika," nikamwambia. "Una karatasi."

"Niandike nini?"

"Andika: mimi Shakuru, baba wa Lubna, nimeridhia."

"Muzee, ameshaolewa."

"Andika."

Aliandika. Akanishika mkono kunionyesha mahali pa kuweka sahihi. Halafu akasema itabidi aripoti kwa mkurugenzi, leo hii, na arekebishe daftari la Jumanne, na kwamba hajui watamfanya nini yeye mwenyewe. Nilisema ni haki. Nilisimama kuondoka.

"Kesho iko eropleni saa nne," akasema. "Ya Nairobi. Hakuna mutu mwingine mwenye anajua hizi ndege. Mi mwenyewe nikiona mwewe na wale wako, kwangu ni kitu kimoja."

"Mi siwezi kushika bendera."

"Nani anaona pale chini?"

Nilifikiri. "Kaporali anaona," nikasema.

Ijumaa kulikuwa na mawingu. Valéry alikabidhi bunduki yake kwa mwenzake kwa maneno ya matusi, akasimama kando yangu na bendera mbili kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake kumshikia. Révérien alikuwa amepata ruhusa ya mkuu wa Valéry, sijui kwa maneno gani.

"Sasa mi nifanye nini?" akauliza Valéry.

"Uniambie unaona nini. Jina usiseme. Jina nitasema mimi."

"Kwa nini nisiseme jina?"

"Kwa sababu hulijui."

Alinung'unika. Akainua uso. Nilisikia akizungukazunguka kwenye kokoto.

"Iko moja upande wa barabara. Nyeusi."

"Zote ni nyeusi zikiwa na mawingu nyuma. Mkia?"

"Iko na mkia."

"Kaporali, hata kuku ana mkia. Umegawanyika au mviringo?"

"Ngoja basi, inazunguka. Imegawanyika. Kama samaki."

"Mwewe. Nyekundu, isimame. Usipepee."

Alisimamisha bendera, mnara ukajibu. Tuliendelea hivyo nusu saa. Alianza kuzoea. Aliniambia mabawa yameinuka au yamelala, kifua cheupe au la, kinapiga mabawa au kinateleza. Alikuwa na macho mazuri sana, yale macho ya mtu aliyekaa miaka akitazama matete kuona kama yanatikisika. Nilipata wivu, sitaficha.

Injini ilisikika upande wa ziwa.

"Iko safi," akasema Valéry. "Mwewe ameenda. Niinue nyeupe?"

"Zunguka pande zote kwanza. Rukoko?"

"Rukoko... iko kitu kidogo, mbali. Kama moshi."

"Moshi unakaa au unazunguka?"

Nilisikia anapumua kwa mdomo.

"Unazunguka. Ni mwewe mingi, muzee. Mia."

"Mwewe hawatembei mia. Wanakuja huku?"

"Wanakuja. Haraka kidogo."

"Mkia, kaporali."

"Iko mbali, siwezi..."

"Tazama yule wa mbele. Mmoja tu. Mkia una pembe?"

Injini iliongezeka. Nilijua kwamba eropleni imeanza kugeuka ili ijipange. Nilijua pia kwamba nikisema nyekundu bure mara moja, mara mbili, marubani wataacha kusikiliza bendera yetu. Nilingoja neno la mtu ambaye wiki moja kabla hakujua kutofautisha shakivale na kuku.

"Apana," akasema. "Mviringo. Kama ile upepeo ya mamangu ya mkaa. Na hazilie, muzee. Hakuna inalia."

"Pepea."

"Sasa?"

"Sasa, Valéry, sasa."

Akapepea. Nilisikia kitambaa kikipiga hewa. Eropleni ilibaki juu ya ziwa, sauti yake ikienda mbali na kurudi, mbali na kurudi, muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Wageni walipita juu yetu. Valéry alinihesabia mpaka mia mbili na kumi, akaacha. Mimi nilisikia upepo tu. Alikuwa bado ameinua uso, na alisema neno la Kirundi polepole, lile ambalo watu wa kwao husema wakiona ng'ombe wengi.

Walipokwisha kupita, akainua nyeupe, na eropleni ikatua.

Mchana Révérien alishuka. Alisema mkurugenzi ameamua: Jumatatu atakuja mtu mwingine, kutoka idara ya misitu, aliyesomea. Kwa siku zilizobaki Valéry atashika bendera peke yake, mimi naishia leo. Hakuniambia samahani, nami sikuitaka. Aliniambia barua yangu amempa mtu wa boti anayemwamini na kwamba kwenye hospitali moja mjini kuna daktari anayeondoa mtoto wa jicho, siku akiwa na vifaa. Tulipeana mkono. Alikuwa bado amekasirika, nilisikia kwenye vidole.

Nilikabidhi baiskeli, bendera na koti. Kutoka mahali pangu mpaka geti ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, pembeni ya majani. Nilikuwa nimefika kama theluthi niliposikia naitwa.

"Muzee! Iko moja hapa. Tumbo nyeupe, mkia mufupi, mwekundu."

Niligeuka, nikaweka mikono mdomoni. "Shakivale! Akiwa peke yake muache!"

"Sawa!"

Nikaendelea. Baada ya hatua mia mbili hivi aliita tena, na sauti ilikuwa nyembamba. Mabawa marefu, alisema, inayumba. Nilijibu pungu, kwa nguvu zangu zote, na sijui kama alinisikia, lakini hakurudia.

Mara ya tatu nilikuwa karibu na geti. Niliisikia sauti yake, maneno sikuyapata, upepo ulikuwa unatoka ziwani. Nilisimama. Aliita tena, sauti ile ile, swali lile lile, sikupata hata neno moja. Nilingoja kidogo kama ataita mara nyingine. Pikapu ya wafanyakazi ilikuwa imeshawashwa, dereva akapiga honi, nikapapasa mlango na kupanda.